Rozari Moja na Litania Yake

Bi Sindulfa Ayala alikufa mwezi wa Januari, kwenye joto la kuyeyusha mishumaa, na kabla maua hayajanyauka juu ya kaburi lake mji wa Loma Yvoty ulikuwa umeshamfanya mtakatifu. Mambo yalianza siku ya kwanza ya novena ya msiba, zile siku tisa za sala. Wanawake walikaa barazani kwenye viti vya kuazima, kikombe cha terere, chai ya majani ya kunywa baridi, kikizunguka mkono hadi mkono, barafu ikigongana ndani ya jagi, na kila aliyepokea kikombe alikuwa na neno lake.

"Mama yule alikuwa mnyenyekevu, jamani."

"Hakupata kuinua sauti."

"Na sala zake! Ukimkuta anasali, ungesema Bikira amekaa naye kwenye benchi."

Zunilda, mjukuu wake, ndiye aliyekuwa akimimina maji ya baridi kwenye kikombe, na siku hiyo ya kwanza alijiuliza kimoyomoyo watu hawa wamekuja kwenye msiba wa nani. Bibi aliyemlea yeye tangu ana miaka minne, mama yake alipokwenda kufanya kazi za nyumbani Buenos Aires, aliwahi kumkimbiza bwana afya kandokando ya reli akiwa na pala ya kuokea, ile yenye mpini mrefu kama mti wa kuangulia mapapai, mpaka bwana afya akarukia treni iliyokuwa haiendi kwao. Huyo ndiye hakuinua sauti? Lakini msibani mtu habishi. Zunilda akaendelea kumimina maji. Siku ya tano alikuwa akiitikia kwa kichwa. Siku ya tisa alikuwa anafuta machozi mwenyewe, akikumbuka upole ambao hajawahi kuuona. Maneno yakirudiwa na watu wengi wenye huzuni, yanaingia tu, hata kwa mwenye akili zake.

Siku hiyohiyo ya tisa, baada ya Amina ya mwisho, Mjomba Virgilio alisimama akafunga kifungo cha shati. Virgilio ni mtoto wa kiume wa pekee wa Bi Sindulfa. Alikuwa karani Asunción miaka thelathini na moja, amestaafu, na sasa alikuwa anarudi kukaa kwenye nyumba ya mama yake, yeye na pikapu yake nyeupe ambayo alikuwa akiifuta vumbi jekundu kila nusu saa, kama mtoto mwenye mafua.

"Nashukuru wote mliokuja," alisema. "Jambo moja tu. Lile tanuri pale getini nitalibomoa. Jumatatu baada ya Pasaka fundi anakuja. Nataka banda la gari."

Watu wote wakageuza vichwa getini. Tanuri lenyewe lilikuwa limekaa palepale karibu na geti, jeusi mdomoni, mgongo umevimba kama kobe. Bi Sindulfa alilijenga kwa mikono yake, matofali na udongo wa kichuguu na kinyesi cha ng'ombe, na akalijenga pale na si uani kama watu wengine kwa sababu reli ilipita mbele ya geti, naye alitaka harufu ya chipa, mikate yake ya wanga wa muhogo na jibini, ipande ndani ya mabehewa kabla yeye mwenyewe hajapanda.

"Mjomba," Zunilda alisema, jagi bado liko mkononi, "na chipa?"

"Chipa si zipo kituo cha mabasi? Za moto."

"Zile zinaokwa kwa gesi."

"Zinaliwa."

"Na kadibodi inaliwa, ukiwa na njaa."

Watu wakacheka kidogo. Virgilio hakupenda. "Basi nani ataoka? Dada Nimia? Anaogopa hata kiberiti. Wewe? Wewe ni fundi cherehani, Zunilda, una sare za shule nzima zinakungoja. Unaweza kuoka kama Mama?"

Hapo ndipo mdomo ulipomtangulia. "Naweza."

"Unaweza?"

"Jumatano ya Juma Kuu nitaoka, kama Bibi alivyokuwa anaoka kila mwaka. Njoo ule. Ukila, ukasema hii si chipa ya mama yangu, bomoa, na mimi nitakubebea matofali."

"Mbele ya watu hawa?"

"Mbele ya watu hawa na mbele ya Bikira pale ukutani."

Usiku ule Zunilda alilala vizuri. Asubuhi ndipo alipokumbuka kitu ambacho alipaswa kukikumbuka jana: katika miaka yote arobaini aliyoishi na bibi yake, alikuwa amekata majani ya mgomba, amepanga kuni, amesaga jibini, amekanda unga mpaka mabega yakawa kama ya mpiga makasia, lakini mdomo wa tanuri hakuwahi kuufunga wala kuufungua. Hapo palikuwa pa Bibi. Bibi alikuwa akikaa pale kwenye kigoda, amewapa watu wote mgongo, na anayesogea anapigwa kwa ufagio uliolowa maji.

Sasa huyu bibi mwenyewe alikuwa mtu gani? Acha novena. Alizaliwa hapohapo kandokando ya reli, na alipofika miaka kumi na moja alikuwa tayari anapanda treni kituo cha Loma Yvoty na kapu kichwani, anapita behewa hadi behewa, na anaruka chini treni ikipunguza mwendo kwenye kona ya machimbo ya mawe, kisha anarudi nyumbani kwa miguu, kapu tupu. Wachuuzi wengine walikuwa wanabembeleza wateja: baba, mama, chipa tamu, ya moto. Yeye alikuwa anafoka. "Chipa! Wenye meno na wasio na meno! Wewe bwana, toa gazeti, unaficha njaa!" Watu walinunua ili anyamaze, halafu wakauma, halafu safari nyingine wakamtafuta wenyewe.

Mume alimpata kwa njia hiyohiyo. Anselmo alikuwa mtia kuni kwenye kichwa cha treni, kijana mweusi kwa masizi ambaye meno tu ndiyo yaliyoonekana. Alinunua chipa, akaigonga kwenye chuma cha injini mbele ya wenzake, ko ko ko, akasema hii itafaa kuzuia gurudumu. Bi Sindulfa safari iliyofuata alimletea chipa moja iliyookwa na jiwe la reli katikati, akasimama amtazame anavyoiuma. Anselmo aliuma. Alivunja jino la pembeni, akacheka mpaka akakaa chini juu ya kuni, na baada ya miezi mitatu wakafunga ndoa. Jino hilo hakuziba mpaka alipokufa, akiulizwa alikuwa anasema, "Hiyo ndiyo barua yake ya mapenzi."

Watoto wakaja: Nimia, Virgilio, na Blásida mama yake Zunilda. Anselmo akafa mapema, kifua. Treni nazo zikaacha kuja. Siku treni ilipoacha kuja, Bi Sindulfa alikaa kituoni na kapu lake wiki tatu nzima, akisema imechelewa tu. Wiki ya nne akasema mbwa hawa wametudanganya, akahamia barabara kuu, akaanza kupanda mabasi, na makondakta wakajifunza kumwogopa. Alioka hivyo mpaka miaka themanini na saba. Basi, huyo ndiye aliyekuwa mnyenyekevu.

Lakini Zunilda, Jumatano ya Juma Kuu ilipofika, hakuwa akimkumbuka huyo. Alikuwa akimkumbuka yule wa novena.

Aliamka alfajiri akawasha tanuri. Kuni alizijua: alizipanga kwa idadi na kwa mpangilio ule aliokuwa akimpangia Bibi, ngumu chini, nyepesi juu. Mama mkubwa Nimia alikuja saa moja, amevaa nguo ya zambarau ya Juma Kuu, rozari shingoni, daftari la katekisimu kwapani. Nimia hakuolewa, amefundisha watoto komunyo ya kwanza miaka arobaini, na huongea taratibu kama anayesomea watu imla.

Walikanda pamoja. Wanga wa muhogo, mafuta ya nguruwe, mayai kutoka kwa kuku wa nyumbani, maziwa, chumvi, mbegu za anisi, na jibini nyingi. Unga ulitosha matoleo matatu, yaani kujaza tanuri mara tatu, na jibini iliyotoka kwa mfugaji ilikuwa hiyo tu. Jumatano ya Juma Kuu, Loma Yvoty nzima inaoka, na baada ya saa mbili asubuhi jibini huipati hata ukienda na machozi. Ijumaa Kuu hakuna anayewasha moto. Unakula chipa uliyooka, au unakaa na njaa.

"Muda wake ni nini, Mama mkubwa?" Zunilda aliuliza, ingawa alijua. Mji mzima ulijua.

"Rozari moja na litania yake," Nimia akajibu. "Ndivyo Mama alivyosema daima. Unafunga mdomo, unasali rozari moja na litania yake, unafungua. Mungu ndiye saa."

Zunilda alivuta makaa nje, akafagia sakafu ya tanuri kwa majani mabichi yaliyolowa, akaingiza chipa za kwanza juu ya majani ya mgomba, akaziba mdomo kwa ubao na gunia la maji. Nimia akapiga ishara ya msalaba. Akaanza. Aliisali rozari ile kama mtu anayekunja mashuka ya altare. Kila tendo la uchungu, kati ya yale matano ya rozari, alilitafakari. Katika tendo la pili akaombea roho za toharani. Katika la nne akanyamaza kidogo, machozi yakimtoka, kwa sababu alimwona mama yake amekaa palepale kwenye kigoda akisali. Zunilda naye akalia. Litania wakaiimba.

Walipofungua, moshi uliwapiga usoni. Chipa zilikuwa makaa. Si za kuungua kidogo upande. Zilikuwa nyeusi ndani na nje, ukiigonga moja inalia kama kigae.

"Labda kuni zilizidi," alisema Nimia.

"Kuni ni zilezile."

"Labda Mama alikuwa anasali matendo ya furaha. Yana uzito mdogo."

Wakawasha tena. Saa ikaenda. Toleo la pili walisali bila tafakari, bila roho za toharani, bila kuimba, rozari kavu na litania kavu, matendo ya furaha. Zikatoka kahawia kwa juu, Zunilda moyo ukamruka. Akageuza moja, chini nyeusi, ngumu. Virgilio alikuwa amesema atafika saa sita na wageni wawili kutoka mjini. Ilikuwa inakaribia saa tano. Kwenye beseni limebaki toleo moja.

Zunilda alikaa chini, palepale kwenye udongo mwekundu, mikono yake imejaa wanga mpaka kwenye viwiko. Aliliangalia tanuri, akaliona limeshabomolewa, pikapu imesimama mahali pake inang'aa. "Nimejitia kitanzi kwa mdomo wangu mwenyewe," alisema. "Sali polepole zaidi, Mama mkubwa, au sali zaidi, sijui. Pengine hatuna imani ya kutosha. Bibi alikuwa na imani."

Hapo ndipo kicheko kilipotoka upande wa pili wa ua. Si kicheko cha adabu. Ni kile cha mtu anayeshika mbavu na ua pamoja.

Alikuwa Bi Cirila. Bi Cirila ana miaka themanini na tano, anakaa nyumba ya jirani, na kwa miaka hamsini na tano yeye na Bi Sindulfa waliuza chipa kwenye treni moja, kwenye mabasi yaleyale, na hawakuamkiana ila siku ya Krismasi, tena kwa kifupi. Tanuri lake Bi Cirila lilishaanguka siku nyingi. Msibani alikaa kwenye kiti cha nyuma, akanywa terere lake, na hakusema neno kuhusu utakatifu.

"Nani aliyekuwa na imani?" aliuliza. "Sindulfa?"

"Bi Cirila, leo si siku ya…" Zunilda alianza.

"Ninyi mnasali hivyo? Nimewasikia kutoka huku. Nimelala, nimeamka, bado mko kwenye Baba Yetu ya tatu. Watoto, mnaoka chipa au mnamzika papa?"

Nimia alinyoosha mgongo. "Tunasali kama Mama alivyosali."

"We Nimia, unakumbuka mama yako alivyosali?"

Siku za kuoka Nimia alikuwa daima kanisani, ama na watoto wa komunyo ama akipamba kaburi la Bwana. Bi Cirila akamgeukia Zunilda. "Na wewe?"

"Nilikuwa jikoni nakanda toleo linalofuata. Nilisikia mvumo tu. Kama nyuki."

"Nyuki!" Bi Cirila alisukuma kipande cha ua kilichooza, akapita na magongo yake mawili, akafika, akakaa juu ya kigoda cha adui yake bila kuuliza. "Sikiliza. Mimi na huyu mwanamke tulianza wote kwa adabu. Rozari moja, litania, polepole, kama mama zetu walivyotufundisha. Tanuri lake hapa, langu pale. Nani alikuwa anatoka mapema? Wote sawa. Treni inakuja, tunapanda pamoja, tunagawana mabehewa. Haya. Siku moja nasikia, Sindulfa ameshafungua. Mimi niko tendo la tatu. Nikasema, huyu amesali lini? Kesho yake nikaharakisha kidogo. Yeye akaharakisha zaidi, akaongeza kuni. Mimi nikaongeza kuni. Mimi nikaacha kusema Amina. Yeye akaacha kuvuta pumzi. Mwaka ule nilipojifungua mapacha, Sindulfa alikuwa anasali rozari nzima na litania yake kabla chai haijachemka. Chipa zake zilikuwa zinaiva vilevile, maana moto alishaufanya wa jehanamu. Mkisali kwa moto ule kama masista, mtapata makaa mpaka siku ya kiama."

Zunilda alikuwa ameshasimama. "Alisalije? Hebu fanya."

Bi Cirila akaligeuzia tanuri uso, akawapa wao mgongo, akajikunja mabega, na mbele ya macho yao yule kizee mwembamba akawa Bi Sindulfa mnene wa kiuno.

"SalamuMariaumejaaneemaBwanayunawe, nani ameacha geti wazi, umebarikiwakulikowanawakewote, mbuzi anaingia, Blásida, mbuzi, naYesumzaowatumbolako, Cirila nakusikia unaruka Baba Yetu, mwizi wa mbingu wewe, amebarikiwa, MariaMtakatifuMamawaMungu, we bwana unasimama hapo unanusa nini, nunua au ondoka, utuombeesisiwakosefusasanasaayakufakwetu, leta maji, SalamuMaria…"

Zunilda alicheka mpaka akaegemea ukuta. Kicheko kilimtoka pamoja na kitu kingine, kama mfupa uliokuwa umekwama kooni tangu Januari. Huyo! Huyo ndiye. Aliyerusha jiwe kwenye bati la Bi Cirila jogoo akiwika vibaya. Aliyemshonea yeye nguo ya komunyo kutoka kwenye mapazia ya behewa la daraja la kwanza, na padre alipouliza kitambaa kimetoka wapi akamjibu kimetoka kwa Mungu kupitia shirika la reli. Kwa miezi mitatu walikuwa wamemlilia bibi mwingine kabisa, na wa kwao alikuwa amekaa pembeni anangoja wamalize.

"Mama alikuwa anatukana katikati ya rozari?" Nimia aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hakutukana. Alikuwa anatoa maelekezo."

"Na Mungu alikuwa anamsikia?"

"Mwanangu, hata wa ng'ambo ya mto walikuwa wanamsikia."

Waliwasha kwa mara ya tatu. Zunilda alipanga kuni zilezile kwa idadi ileile. Akafinyanga chipa mwenyewe, nyingi za duara kama pete, na mbili tatu za njiwa na mamba kama kawaida ya Juma Kuu. Ilipofika kufunga mdomo wa tanuri hakumwachia Nimia sala. Alikaa kwenye kigoda mwenyewe, Bi Cirila akahamia ndoo iliyogeuzwa. Zunilda akavuta pumzi moja.

Mwanzoni ulimi ulimkataa. Maneno ya kanisani yana mwendo wake, na mdomo ukishauzoea unaogopa kuuacha. Bi Cirila akampiga kwa gongo kwenye goti. "Treni inapiga honi! Kimbia!" Zunilda akakimbia. Akasali kama anayeteremka mlima na mzigo, haiwezekani kusimama. Tendo la kwanza likapita, la pili likapita, akaona kuku wa jirani anaelekea kwenye beseni la mayai, na bila kuvunja mwendo akasema umebarikiwakulikowanawakewote shika huyo kuku naYesumzaowatumbolako, na Nimia, mwalimu wa katekisimu, miaka sitini na minne, nguo ya zambarau, akamrukia kuku yule akamshika bawa. Kwenye litania wanawake wawili waliokuwa wanapita na masinia yao walisimama getini kujibu. "Kiti cha hekima!" "Utuombee!" "Nyumba ya dhahabu!" "Utuombee!" "Nyota ya asubuhi usinisukumie geti lina bawaba mbovu!" "Utuombee!"

"Fungua!" Bi Cirila akapiga kelele.

Zunilda aling'oa ubao. Harufu ilitoka kwanza, jibini na anisi na jani la mgomba lililoungua kingo, ikawapita wote ikaenda barabarani ilipokuwa reli. Halafu akaingiza pala, akavuta. Zilikuwa za dhahabu. Zimepasuka kidogo juu, nyufa nyembamba, kama kisigino cha mtu aliyetembea sana. Akageuza moja: chini rangi ya asali.

Nimia alijifuta uso kwa msalaba wa rozari badala ya leso.

Pikapu nyeupe ilifika saa sita na robo. Virgilio aliteremka, wageni wake wawili nyuma yake, akasalimia kwa mkono, akamwona Bi Cirila kwenye ndoo, akashangaa, akasema, "Haya, Zunilda. Tuone."

Zunilda alimpa ya duara. Hakusema ni toleo la ngapi, na lile beseni la makaa ya matoleo mawili ya kwanza Nimia alikuwa amelikalia kwa sketi yake yote ya zambarau. Virgilio akaivunja chipa, mvuke ukapanda, jibini ikavutika uzi. Akauma. Akatafuna akiangalia juu kama anayepiga hesabu.

"Eh?" Zunilda aliuliza.

"Subiri."

Akamaliza. Akanyoosha mkono, akachukua mamba, akamla kuanzia mkia.

"Mjomba, sema."

"Bado naonja."

"Virgilio," akasema Bi Cirila, "unaamua au unashiba?"

"Mama alikuwa anatia anisi zaidi," alisema Virgilio, mdomo umejaa.

"Mwongo!" Nimia aliruka, akakumbuka beseni, akakaa tena. "Mimi nimepima kwa kijiko chake!"

Virgilio alikuwa amesimama mbele ya tanuri, mgongo kwa watu. Wageni wake wakatazama viatu vyao. Kisha akaanza kunung'unika kitu, chini chini, haraka, na Zunilda akasogea ili asikie anasema nini. Alikuwa anasali. Salamu Maria tatu mfululizo kwa pumzi moja, na mwisho wa ile ya tatu, bila Amina: "…sasanasaayakufakwetu Virgilio toa kidole kwenye unga."

Akageuka. Macho yake yalikuwa mekundu na ndevu zake zina makombo. "Kila siku ya kuoka," alisema. "Kila siku, nilikuwa mdogo, na alikuwa ananiona bila kugeuka. Nilidhani ana macho kisogoni. Miezi hii mitatu kila ninayekutana naye ananiambia mama yako alikuwa mpole, mama yako alikuwa mpole, mpaka nikasema labda mimi nilikuwa na mama mwingine. Nikaona afadhali nisiwe na kitu cha kunikumbusha."

"Kwa hiyo?" Zunilda aliuliza.

Virgilio alitazama gari lake, likiunguzwa na jua kali la saa sita. Akatazama tanuri. "Gari," alisema, "lina paa lake lenyewe."

Bi Cirila alipiga gongo chini mara mbili. Nimia akasema ashukuriwe Mungu, kwa polepole, silabi moja moja, kama kawaida yake, na hakuna aliyemharakisha. Zunilda alikuwa ameshageukia getini, maana wale wanawake wa masinia walikuwa bado wako pale, na sasa walikuwa wanne, na wa nyuma alikuwa ameshika beseni la unga uliofunikwa kitambaa.

"Zunilda," mmoja alisema, "tanuri langu limepasuka mgongo tangu mvua ya Februari. Utatuwekea?"

"Leteni ndani. Ila nasali mimi."

"Sali wewe."

"Na mtu akiingiza kidole kwenye unga, nitamwona."

Wakaingia wakicheka, wakapanga masinia kwenye kivuli. Majani ya mgomba yalikuwa yameisha, basi Virgilio akaambiwa avue viatu vya mjini akakate mengine nyuma ya nyumba. Akaenda, na chipa ya tatu mdomoni, wageni wake wakimfuata na panga.